Batri kwenye albamu ya Dare
Umeuliza kama kuna mtu anayepiga batri (seti ya ngoma) kwenye Dare, albamu ya bendi ya Uingereza The Human League (1981). Hapana kaka, hakuna mpiga batri. Ngoma ni za mashine, hasa Linn LM-1, mashine ya kutoa sauti za ngoma, na prodyuza ni Martin Rushent. Kinachodanganya sikio ni kwamba LM-1 ilibeba sauti zilizorekodiwa toka batri ya kweli. Mimi napiga batri kanisani hapa Kadutu, Bukavu: vaa ekuta (spika za masikioni), sikiliza "Don't You Want Me", kila pigo la snea (ngoma ile yenye mlio mkali) linatoka vilevile, mkono wa mtu haurudii hivyo. Na bado inachezesha watu vizuri mno! Ukitaka kuusikia mtambo bila waimbaji kuufunika, tafuta Love and Dancing ya 1982, Rushent alizichanganya upya nyimbo nyingi za Dare, sehemu kubwa bila maneno.