Ukungu kwenye aga ya kiini cha yai: kimeng'enya au sumu?

Umeuliza kama ule ukungu mweupe unaozunguka koloni za bakteria Clostridium perfringens kwenye aga ya kiini cha yai (jeli ya kuoteshea bakteria iliyotiwa kiini cha yai) unatokana na kimeng'enya au sumu. Ni kitu kimoja: sumu yake ya alfa ndiyo kimeng'enya chenyewe, lesithinazi. Huvunja lesithini, aina ya mafuta iliyomo kwenye yai, na mwilini mwa mgonjwa hupasua utando wa seli vivyo hivyo, misuli ikaoza na kujaa gesi.

Kuthibitisha, fanya kipimo cha Nagler. Paka antitoksini (kingamwili inayozima sumu hiyo ya alfa) nusu ya sahani ya aga hiyo, iache ikauke kabisa, kisha chora mstari mmoja wa bakteria kutoka upande usiopakwa kwenda uliopakwa. Ukianzia uliopakwa, kitanzi cha kuchorea bakteria kitaburuza antitoksini hadi ng'ambo na hutaelewa unachokiona. Otesha bila oksijeni, nyuzi 37, usiku kucha. Bakteria wataota pande zote, ila ukungu utatokea upande usiopakwa tu.

Angalia lakini: ukungu wa bakteria jamaa zake, C. sordellii na C. bifermentans, nao huweza kuzimwa na antitoksini hiyo, japo kwa sehemu. Usitoe jibu la mwisho kwa sahani hii peke yake.