Wewe wa Brooklyn Park mwenye grinkadi, weka hiyo kalamu chini

Usisaini. Umesema una grinkadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, bado si uraia), kijana wa kanisani kakuletea fomu ya kujiandikisha kura, ati ukishalipa kodi una haki, na unataka tukueleze kokasi, tofauti ya vyama vya DFL na Republican, na jinsi ya kumpigia kura Mkenya mwenzetu. Hayo baadaye. Nilipofika hapo pa fomu tumbo likakoroga.

Mimi nilisaini. Ilikuwa sherehe ya jumuiya, nyama inachomwa, muziki juu, mzee mmoja anayeheshimika (yule wa kushika maiki kila harambee, unamjua aina yake) akapita na klipubodi akasema "kijana, sisi Waafrika tunalala huku wenzetu wanaamua". Nikamwambia mzee mimi bado sijaapa kiapo cha uraia. Akacheka, akasema hiyo ni ya kura ya rais tu, za mji na kaunti mkaazi yeyote anapiga, na hapa Minnesota hata bila karatasi jirani anakudhamini siku ya kura. Akanijazia fomu yeye mwenyewe, mimi nikaweka sahihi tu nikarudi kwa nyama. Kalamu ilikuwa ya bure, na sijawahi kushika kalamu ya bei kali kama ile.

Sasa sikiza, kuna ukweli ndani ya uongo wake na hapo ndipo watu wanaangukia. Kudhaminiwa kupo kweli, mpiga kura wa eneo lako anaweza kuapa kwamba unaishi pale, lakini anathibitisha ANWANI, si uraia! Kujiandikisha siku ileile ya kura pia kupo, Minnesota wanafanya tangu miaka ya sabini. Na kuna miji Marekani ambapo asiye raia anapiga kura za mji, Takoma Park kule Maryland ni mmoja, ila Takoma Park si Brooklyn Park, kufanana jina la nyuma hakutakuokoa mbele ya hakimu. Hata Minnesota yenyewe zamani wahamiaji waliotangaza tu nia ya kuwa raia walikuwa wanapiga kura, ikafutwa 1896. Mzee wangu alikuwa amechelewa karne moja na ushee.

Hiyo fomu swali la kwanza kabisa linauliza kama wewe ni raia wa Marekani, na chini pale unaposaini wameandika kwamba kudanganya ni kosa la jinai, jela mpaka miaka 5 au faini mpaka dola 10,000 au vyote. Na hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Nzito iko uhamiaji, tangu sheria ya 1996 ukijidai raia ili upate kura unaweza kufukuzwa nchini na mlango wa kurudi ukafungwa maisha, na "sikujua" haikubebi vile unadhani. Hata kama hukupiga kura, kujiandikisha peke yake kunaulizwa kwa fomu ya kuomba uraia, N-400.

Mimi niliulizwa kwa intavyuu. Nikasema ndiyo, maana kudanganya pale ni kuchimba shimo la pili ndani ya la kwanza. Afisa akaacha kutabasamu. Tangu hapo ni wakili, barua kwa kaunti kutoa jina langu, barua kuomba nakala ya fomu ili ionekane mwandiko si wangu, na wakili akaniambia nisitoke nchini kabisa, kwa hivyo mazishi ya shangazi aliyenilea nimeyatazama kwa simu nikiwa paking ya kazini. Kesi haijaisha mpaka leo. Mzee bado anashika maiki, na tukikutana ananiuliza "uraia umefika wapi?" Nkt.

Kwa hivyo sheria yangu ni moja: kabla hujaapa, karatasi yoyote yenye neno citizen usiguse, hata akiileta pasta, hata iko pamoja na fomu ya leseni ya gari. Ukitaka siasa, gonga milango, piga simu, hata pesa zako mwenyewe kampeni wanapokea kwa mwenye grinkadi. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia Bunge la Minnesota 2024 kutoka huko huko kwenu, na kampeni kama ile inahitaji miguu mingi, si kura za mahakamani. Ukishaapa, jiandikishe jioni hiyo hiyo, hakuna atakayekugusa.

DFL ndio Democrats wa huku, kokasi ni mkutano wa chama wa mtaa, mengine wenye muda watakueleza, mimi presha imepanda. Nijibu kitu kimoja tu: hiyo fomu bado uko nayo ama kijana ashaibeba?