Je, Mwathiriwa wa Jinai Anahitaji Wakili, na Atampata Wapi Bila Fedha?

SWALI: Mheshimiwa wakili, dada yangu alikatwa panga mkononi na jirani mwezi wa Machi mwaka jana kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Jirani alishtakiwa, akaachiliwa kwa dhamana, na sasa hupita mbele ya nyumba yetu kila jioni. Kesi imeahirishwa mara nne, na dada alipouliza sababu aliambiwa kwamba yeye ni shahidi tu. Kuna bwana mmoja huko mahakamani anayesema kwamba tukimpa shilingi 40,000 atatutafutia wakili wa kuisukuma kesi, na fidia ikipatikana watachukua theluthi. Fedha hizo hatuna. Je, kuna wakili wa bure kwa mtu aliyeumizwa, au msaada huo ni wa washtakiwa pekee? – Msomaji, Pwani ya Kenya.

JIBU: Ndugu yangu, mfikishie dada yako pole zangu, na hizo shilingi 40,000 msizikope. Kesi ya jinai nchini Kenya huitwa kwa jina la Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na anayeiendesha ni kiongozi wa mashtaka kutoka Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye mwathiriwa hamlipi hata senti moja. Wakili mtakayemkodi hawezi kumwondoa kiongozi wa mashtaka na kukaa katika kiti chake. Anachoweza kufanya ni kazi chache zinazomhusu dada yako mwenyewe, ambazo kiongozi wa mashtaka, aliyebeba rundo la mafaili ya asubuhi moja, huenda asizikumbuke. Na nyingi kati ya hizo kuna watu wa kuzifanya bila malipo.

Hilo la kuambiwa kwamba ni shahidi tu lilikuwa kweli zamani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50(9), iliamuru Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu, na ndipo ikaja Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014. Chini ya sheria hiyo, dada yako ana haki ya kuwapo mahakamani, ya kesi kusikizwa bila kucheleweshwa pasipo sababu, na ya kutoa maoni yake mwenyewe au kupitia wakili pale ambapo maslahi yake yanaguswa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika rufaa ya Joseph Lendrix Waswa iliyotokana na kesi ya mauaji, ilieleza mipaka ya haki hiyo: mwathiriwa au wakili wake anaweza kushiriki kwa idhini ya mahakama, ila asigeuke kuwa kiongozi wa mashtaka wa pili wala asimnyime mshtakiwa haki ya kuhukumiwa kwa usawa. Mtu akimwambia tena dada yako kwamba ni shahidi tu, dada amtajie sheria hiyo kwa upole, bila kugombana naye.

Jambo la haraka zaidi ni huyo jirani anayepita kila jioni. Dhamana ni haki ya mshtakiwa kikatiba isipokuwa kuwe na sababu nzito, lakini sheria hiyo ya 2014 inataka usalama wa mwathiriwa na jamaa zake uzingatiwe masharti ya dhamana yanapowekwa. Kwa hiyo dada yako aandike tarehe, saa na alichokiona au alichoambiwa, kisha aripoti kila tukio la vitisho polisi na kuchukua nambari ya OB, yaani nambari ya ripoti katika daftari la matukio. Nambari hizo ampelekee kiongozi wa mashtaka kabla ya siku ya kesi, wala asingoje hakimu awe ameshaketi. Hakimu anaweza kumkataza mshtakiwa asikaribie nyumba hiyo, na akikaidi, dhamana inaweza kufutwa. Kupita njiani peke yake hakutatosha kumrudisha mtu rumande. Maneno anayoyatoa akipita ndiyo yatakayopimwa.

Ombi la pili ni kwamba mtafute nakala ya fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huandika humo majeraha aliyoyakuta. Naikazania karatasi hii kwa sababu nimeona kesi nzuri zikidhoofishwa na mstari wake mmoja. Sehemu ya kwanza hujazwa na polisi na inayofuata hujazwa na daktari, na humo daktari huainisha jeraha: ni madhara ya kawaida, ni ulemavu, au ni madhara makubwa. Uainishaji huo ndio unaoongoza shtaka. Kumshambulia mtu na kumdhuru mwili, chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, kuna kifungo kisichozidi miaka 5, ilhali kusababisha madhara makubwa, chini ya kifungu cha 234, kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha. Ikiwa daktari aliandika madhara makubwa kwa kuwa vidole havikunji tena, lakini hati ya mashtaka inataja kifungu cha 251, kuna kosa la kurekebishwa, na hurekebishwa kwa kiongozi wa mashtaka kuomba kubadilisha shtaka kabla hajafunga ushahidi wake. Barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi yake yaweza kulianzisha. Fomu ya P3 yenyewe haiuzwi. Karatasi za matibabu na picha za eksirei zitoeni nakala kabla ya kumkabidhi mpelelezi, kwa maana mpelelezi akihamishwa kituo, karatasi nazo huwa na tabia ya kuhama kusikojulikana.

Sasa nije kwenye milango ya kubisha. Kwa kuwa aliyeumizwa ni mwanamke, ningeanza na FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake lililoanzishwa mwaka 1985, ambalo lina ofisi Mombasa na hushughulikia dhuluma dhidi ya wanawake. Huwapa ushauri wale wasiojiweza, na pale ambapo wakili hapatikani huwafundisha wanawake kujisemea wenyewe mbele ya hakimu. Msilidharau fundisho hilo, kwani kwa kuomba masharti ya dhamana yabadilishwe latosha kabisa. Mlango wa pili ni Kituo cha Sheria, shirika la tangu mwaka 1973, ambalo pia lina ofisi Mombasa. Kwa kuwa chanzo cha ugomvi wenu ni mpaka wa shamba, na wao wamezoea mashauri ya ardhi ya watu wa kipato kidogo, huenda wakawasaidia kuuzima moto wenyewe badala ya kufukuza moshi. Mlango wa tatu ni wa serikali: Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Huko huombwa kwa fomu na mwombaji huonyesha kwamba hana uwezo. Msaada huo si wa washtakiwa pekee, ingawa nitakuwa mkweli kwamba Katiba inamtaja mshtakiwa waziwazi pale haki inapoweza kupotea kwa kukosa wakili, na hivyo mwathiriwa husubiri zaidi.

Kwa wasomaji wengine walio katika hali tofauti na hii, nambari 1195 ni ya dhuluma za kijinsia na 116 ni ya watoto. Zote hupigwa bure. Mwenye lalamiko dhidi ya afisa wa polisi hulipeleka IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, bila ada yoyote.

Popote mtakapokwenda, dada aende na nambari ya kesi, nambari ya OB, nakala ya P3, hati ya mashtaka na orodha ya tarehe kesi ilipoahirishwa pamoja na sababu iliyotolewa kila mara. Wakili wa kujitolea ana nusu saa ya kukusikiza. Atakayetumia dakika ishirini akitafuta nambari ya kesi ndani ya mfuko wa plastiki amejipunja mwenyewe.

Kuhusu fidia, hakimu akimtia jirani hatiani anaweza kuamuru amlipe dada yako katika kesi hiyo hiyo, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa inataja gharama za matibabu na hata za usafiri. Matatu hazitoi risiti, basi wekeni daftari la tarehe na nauli. Kabla ya hukumu, dada aombe kutoa taarifa ya jinsi tukio lilivyomwathiri: asiandike kwamba ameumia sana, aandike kwamba hawezi kukuna nazi, kusuka ukili wala kumwogesha mwanawe kwa mkono huo.

Huyo bwana wa theluthi mwacheni. Sheria ya Mawakili hairuhusu mapatano ya wakili kulipwa iwapo tu kesi imefaulu, na asiye wakili hana ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili. Jina la wakili yeyote mnaweza kulitafuta katika tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya mkaona kama ana leseni ya mwaka huu. Mkiamua baadaye kumlipa wakili halisi, mweleze kwamba mnamtaka kwa kazi moja tu, kama vile ombi la dhamana au barua kuhusu shtaka, ataje bei kwa maandishi na atoe risiti.

Jambo la mwisho ni tarehe. Ikiwa mtataka kumdai jirani fidia kwa kesi ya madai, mbali na hii ya jinai, muda wake ni miaka 3 tangu siku ya jeraha, na saa hiyo haisimami kwa sababu kesi ya jinai inaahirishwa. Asiye na ada ya mahakama anaweza kuomba kushtaki kama maskini chini ya Amri ya 33 ya Kanuni za Mashauri ya Madai. Hesabuni kuanzia Machi mwaka jana, na siku mtakayoonana na wakili wa FIDA au wa Kituo cha Sheria, mtajieni tarehe hiyo kabla ya jambo lingine lolote.