Moduli ya petroli imefungwa, mbona pikipiki inazimika?

SWALI: Pikipiki yangu ni cc 390 yenye injekta. Nilibadilisha sailensa na filta ya hewa, ikaanza kulipualipua kwenye sailensa kila nikiachia mafuta. Nikafunga moduli inayochomekwa kati ya kompyuta na injekta, nikaongeza petroli asilimia 6 kila mahali. Sasa inazimika nikisimama, taa ya injini inawaka, na milipuko ipo palepale. Moduli ni mbovu? – Msomaji, Arusha

JIBU: Usiilaumu bado. Anza na waya wa ethi wa moduli. Watu wengi huufunga kwenye bolti yoyote ya fremu, na rangi ya fremu haipitishi umeme. Upeleke moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Kisha injini ikiwa inanguruma, pima kwa mita kati ya mwisho wa waya huo na hasi ya betri: ikizidi volti 0.1, kiungo hakijashika.

Taa inaelekea kuwashwa na sensa ya oksijeni, ile iliyo kwenye eksozi. Katika mwendo wa kawaida kompyuta hulenga uwiano wa hewa kwa petroli wa 14.7 kwa 1. Wewe unaongeza asilimia 6, sensa inaona petroli imezidi, kompyuta inapunguza. Mnavutana hadi kompyuta inafika ukomo wake na kuwasha taa. Kama moduli ilikuja na plagi ya kuchomeka kwenye soketi ya sensa badala ya sensa yenyewe, itumie. Kama haikuja, acha sensa ifanye kazi na urudishe 0 kwenye visanduku vya mwendo mdogo na wa kati katika ramani, yaani jedwali la moduli la kuongeza petroli. Ongeza pale tu mkono wa mafuta unapofunguliwa sana, ambako injini hutaka karibu 13 kwa 1.

Kuzimika je? Washa swichi bila kuwasha injini, uangalie kwenye programu ya moduli asilimia ya mkono wa mafuta. Umeuachia kabisa na bado inasoma 4 au 5? Basi moduli inasoma mstari usio wake kwenye ramani na kumwaga petroli bure. Kalibreti upya: mkono ukiwa umeachiwa iwe 0, ukivutwa hadi mwisho iwe 100. Halafu injini ikiwa inanguruma, zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Ikikatika, kuna waya uliobanwa chini ya tangi au shingoni.

Milipuko haitibiki kwa ramani yoyote kama gasketi ya eksozi inavuja. Hewa huingia pale, ikakuta petroli ambayo haijaungua, ikawaka. Injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye kiungo cha eksozi na silinda, washa, angalia mapovu dakika ya kwanza, kabla chuma hakijapata moto. Ukiyaona, badilisha gasketi. Ile ya zamani imeshabanwa ikawa bapa, hairudii kazi.

SWALI: Itanipunguzia matumizi ya petroli? – Msomaji huyohuyo

JIBU: Hapana. Umeinunua iongeze petroli.