Kabla hujamwambia mtu ana nyodo

Nimeuza kanga Kariakoo miaka mingi, na nyodo nimeziona za kila aina. Ndiyo maana huniuma neno hili likibandikwa mtu asiyestahili. Binti mwenye haya akipita bila kusalimia, tayari ana nyodo, na jina hilo likishamganda mtaani halitoki kirahisi.

Anayeringia gauni lake jipya ana maringo tu, hajamuumiza mtu. Mwenye kiburi hakubali kukosolewa. Dharau ni kumwona mwenzako si kitu, na nyodo ni dharau hiyo ikishafika usoni na mwilini, hata bila neno moja kutamkwa. Mteja ananyanyua ncha ya kanga kwa vidole viwili, anaisugua kidogo, anabetua midomo: "Ndiyo hizi?" Anaiachia ianguke, anakupandisha na kukushusha kwa jicho, anasonya, anaondoka. Hizo sasa ndizo nyodo. Lakini yule anayekaa nusu saa akibembeleza apunguziwe shilingi 2,000, mara arudi, mara aondoke, huyo ananunua! Vijana wa dukani huwachanganya hawa wawili, wakamnunia wa pili, naye akaenda kununua kwenye duka la jirani.

Na nyodo za muuzaji ni mbaya zaidi. Mama mtu mzima amesimama mbele yako, shikamoo hujatoa, macho yako kwenye simu, unamwonyesha kwa kidevu doti zilizopangwa ukutani. Mimi kijana wangu akifanya hivyo namtoa kaunta siku hiyohiyo, akakunje mizigo nyuma.

Ukifanyiwa nyodo usizirudishe. Mimi husema, "Karibu dada, zipo na nyingine," nikamfungulia doti ya pili. Mara nyingi uso hulegea. Usipolegea, mwache aende zake.

Majirani ndio wagumu, hasa nyumba za kupanga, mnapochangia uwanja na bomba. Wateja waliokwaruzana nao wanakuja kwangu: "Nipe yenye jina kali, kuna mtu nataka aisome." Jina ni yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Huwa nauliza kwanza, amekufanya nini? Jibu mara nyingi ni kwamba alisalimiwa asubuhi hakuitikia. Sasa huenda hakusikia, huenda amekesha na mtoto mgonjwa. Mfuate akiwa peke yake, umuulize, "Shoga, kuna kitu nimekukosea?" Usimuulize mbele ya watu, atajihami. Asiye na nyodo atashtuka, pengine akae akueleze yanayomsibu. Mwenye nazo atabinua mdomo, na hapo utakuwa na uhakika.

Akibinua, njoo, jina la kumfaa tutalitafuta. Ila ukiniuliza mimi, nitakwambia uchukue doti uliyoipendea maua yake, maana yeye ataisoma mara moja tu, na wewe utaivaa mpaka ichakae.