Tanga Lako Mbele ya Meli za Kilindini: Ushauri kwa Mtu wa Nairobi

Wengi wetu tunaojifunzia kuendesha boti ya matanga ziwani Naivasha tunashuka pwani tukiamini kwamba tanga lina haki kuliko injini. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, kweli zinasema chombo cha injini kikipishe cha tanga. Endelea kusoma, lakini. Kanuni ya 9 inakuvua haki hiyo: kwenye mlango mwembamba, yaani njia nyembamba ya maji ya kuingilia bandarini, chombo kisichofika mita 20, au chochote cha matanga, kisiizuie meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya mlango huo. Boti ninayopanda Mombasa ina mita 8. Pale Kilindini, kwenye bandari ya Mombasa, wa kupisha ni mimi, na ninapisha mapema.

Kuna na tabia ya barabara zetu. Thika Road mtu huchomeka pua ya gari, wa nyuma akalazimika kukanyaga breki. Meli ya makontena, hata injini ikigeuzwa kurudi nyuma, inaweza kuteleza maili nzima kabla ya kusimama. Tena sheria zinaruhusu walio darajani, yaani chumba cha juu cha kuongozea meli, wasiione bahari iliyo mbele ya omo (pua ya meli) yao hadi mita 500. Ukichomeka humo, kwao hupo.

Kwa hiyo mimi huanza safari nikiwa bado Nairobi, jioni, na simu mkononi. Mamlaka ya Bandari huchapisha orodha ya meli zinazotarajiwa Mombasa. Iangalie, halafu angalia jedwali la maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yote hayo hupitia mlangoni. Boti ndogo inayokwenda bisho, yaani kwa kukata upepo kushoto na kulia, dhidi ya mkondo huo huweza kuonekana inakwenda kasi huku ufuo haubadiliki. Washa injini kabla ya kufika Likoni, kwenye kivuko cha feri. Najua wapo wanaoona aibu kuiwasha. Waache waone aibu yao mbali na feri, ambazo huvuka usiku na mchana. Feri mimi huipitia nyuma kila mara. Ila jua kwamba injini ikishasukuma boti, hata tanga likiwa juu, kisheria wewe ni chombo cha injini.

Nje ya miamba ndiko watu hujisahau, kwa sababu bahari ni pana. Ukitoka Mtwapa kwenda Diani, huna budi kukata njia ya meli zinazoingia na kutoka bandarini. Meli inayokwenda maili 20 kwa saa humaliza maili moja kwa dakika 3. Ukiiona ikiwa maili 8, una dakika 24 tu, na katika muda huo wewe, kwa maili 5 kwa saa, umesogea maili 2. Chukua dira ya mkono, upime meli iko upande gani, ngoja kidogo, upime tena. Kipimo kisipobadilika na meli inazidi kuwa kubwa, mtagongana. Kikibadilika pia usistarehe haraka ikiwa meli ni kubwa sana au iko karibu.

Ukiamua kugeuka, geuka sana. Nyuzi 5 hakuna atakayeziona. Geuka mpaka aliye darajani aone ubavu mwingine wa boti yako. Kata njia kwa pembe mraba, na hapa nasema omo ndiyo iwe mraba. Mkondo ukikusukuma kando, uache ukusukume. Ukianza kupambana nao ili ufike pale ulipopanga, unakaa njiani muda mrefu zaidi. Sheria ya njia za meli zilizotengwa baharini, kama zile za Dover na Singapore, inataka hivyo hivyo.

Usiku, soma taa. Meli kubwa ina taa mbili nyeupe mlingotini, ya mbele chini, ya nyuma juu. Zikipangana moja juu ya nyingine, na unaona nyekundu na kijani kwa pamoja, inakujia wewe. Ukisikia honi fupi tano au zaidi, usidhani umetukanwa: anasema haelewi unachofanya. Mweleweshe kwa kugeuka. Redioni, chaneli 16, mwite kwa jina la meli ulilolisoma kwenye AIS, mfumo unaoonyesha majina na mwendo wa meli zilizo karibu. “Meli iliyo mbele yangu” inaweza kujibiwa na nahodha mwingine kabisa.

Ninachokiogopa kuliko makontena ni tagi, boti ya kuvuta vyombo vingine, inayovuta tishari la mizigo. Kamba ni ndefu, iko majini, na mchana mtu huona nafasi nzuri katikati. Usiku tagi huonyesha taa mbili nyeupe wima, na tatu iwapo msafara wake unazidi mita 200. Usipite katikati kamwe. Zunguka nyuma ya kile kinachovutwa, hata kama utafika Diani jua limeshatua.