Jibu: kipandikizi cha plastiki chenye tabaka la titani

Pole na mama, dada. Umeuliza kwa nini daktari anataka kumwekea kati ya pingili za uti wa mgongo, ili ziunge, kipandikizi cha plastiki iliyopakwa metali ya titani badala ya cha titani tupu. Plastiki hiyo, PEEK, ina ugumu wa gigapaskali (kipimo cha ugumu) 4 hivi, karibu na mfupa kuliko aloi ya titani, yaani titani iliyochanganywa na metali nyingine, inayofika 110. Tena haizibi eksirei, hivyo daktari anaona kama mfupa umeunga. Ila mfupa hauishiki vizuri. Mara nyingi huzungukwa na nyama ya nyuzinyuzi tu. Ndiyo maana hupakwa titani au haidroksiapataiti, madini ya aina ileile iliyomo mfupani.

Muulize daktari tabaka limeshikiliwaje, maana kipandikizi hugongwa kwa nyundo kuingia kati ya pingili na linaweza kumeguka. Na kama mama anatumia ugoro, aache sasa: nikotini huzuia mfupa kuunga.